Programu za mipakani zisiachwe zizeeke

JUMATATU ya tarehe 28 Novemba 2022 macho ya ukanda huu yalikuwa Nairobi. Huko ilifunguliwa duru ya tatu ya mazungumzo ya amani ya mashariki mwa Kongo, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwezeshaji akiwa Rais mstaafu Uhuru Kenyatta. Ilistahili kuwa hivyo, kwa kuwa hakuna biashara wala ujirani pasipo amani.

Siku hiyohiyo lilipita jambo jingine, kimya kimya, ambalo halikuwa na wajumbe wala vipaza sauti. Toleo la 7.4 la PHP, mojawapo ya lugha zinazotumika zaidi duniani kuandikia tovuti na mifumo ya ofisi, lilifikia mwisho wa kuhudumiwa. Tangu siku hiyo wanaoitunza lugha hiyo hawaliandalii tena viraka vya usalama. Kasoro ikigunduliwa leo, seva inayoendelea kutumia toleo hilo itabaki nayo, na mwenye nia mbaya anajua hivyo.

Msomaji wa Kamembe au Bukavu anaweza kuuliza hilo linamhusu nini. Linamhusu sana, na mahali pazuri pa kuanzia kueleza ni pale Rusizi I.

Hapo ndipo mto unapotoka Ziwa Kivu na kuanza safari yake ya kwenda Tanganyika, na hapo ndipo Cyangugu na Bukavu zinapopeana mikono. Alfajiri kabla jua halijapanda, wanawake huwa tayari kwenye foleni na nyanya, mayai, maziwa, unga na samaki wa sambaza. Wengi huvuka kwa miguu na kurudi siku hiyohiyo. Faida ya siku ni ndogo, na hutegemea mambo mawili: bei ya sokoni ng'ambo, na muda unaopotea mpakani. Maziwa hayasubiri. Nyanya zilizokaa juani saa tatu huuzwa kwa bei nyingine.

Miaka kumi na tano iliyopita muda huo ulipotea kwa karani, daftari na muhuri. Siku hizi, zaidi na zaidi, unategemea programu. Kitambulisho kinasomwa na mashine, tamko la forodha linaingizwa kwenye kompyuta, malipo yanathibitishwa kwa simu, na wakati wa Ebola na Korona hata joto la mwili na jina la msafiri vilianza kuhesabiwa. Malori makubwa hupitia Rusizi II, na kwao karatasi bila kompyuta ni hadithi ya zamani. Mamlaka za forodha za Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo zote zinatumia mfumo mmoja wa asili, ASYCUDA, ambao Wakongo wanauita Sydonia, uliotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Kizazi chake cha sasa, ASYCUDA World, kimejengwa kwa lugha ya Java. Kenya na Tanzania zina mifumo yao mingine. Na tangu Julai 11, 2022, Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya, kazi ya kuifanya mifumo hii yote isikilizane imekuwa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa.

Hapa ndipo neno "toleo" linapoingia.

Programu haiandikwi kutoka sifuri. Mwandishi wake hukusanya vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine: kimoja cha kusoma tarehe, kimoja cha kuzungumza na hifadhi ya data, kimoja cha kutengeneza hati ya kuchapishwa, kimoja cha kuweka kumbukumbu za nani aliingia saa ngapi. Vipande hivyo mafundi huviita vifurushi, na havihusiani na vifurushi vya data vinavyouzwa na kampuni za simu. Mfumo wa kawaida wa ofisi unaweza kuwa na makumi au mamia ya vifurushi, na kila kimoja kina mwenyewe mahali fulani duniani. Mara nyingi ni mtu anayefanya kazi hiyo usiku bila malipo. Vyote vimesimama juu ya lugha moja. Lugha ikibadilika, kila kifurushi lazima kipimwe upya kuona kama bado kinaoana nayo.

Na lugha hubadilika kwa kalenda. Mwaka 2022 kila toleo la PHP liliendelezwa kwa miaka miwili, kisha likapewa mwaka mmoja wa viraka vya usalama tu, basi. Python hutoa toleo jipya kila mwaka mwezi Oktoba, na kila toleo huhudumiwa kwa miaka mitano. Java hutoa toleo kila miezi sita, ingawa ni machache tu, kama la 8, la 11 na la 17, yanayohudumiwa kwa muda mrefu. Hakuna siri katika tarehe hizo. Zimetangazwa miaka mapema, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma.

Tatizo ni kwamba mabadiliko mengine hayapigi kelele. Programu ikikataa kabisa kuwaka, angalau fundi anaitwa. Hatari kubwa ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikitoa jibu tofauti. Python ndiyo mfano unaofundishwa kila mahali. Toleo lake la 3 lilitoka Desemba 2008, na kwa makusudi halikuoana na toleo la 2. Katika Python 2, ukigawa 7 kwa 2 unapata 3, kwa sababu lugha ilitupa sehemu iliyobaki. Katika Python 3 unapata 3.5. Ukikadiria 2.5 kwenda namba nzima, ya zamani ilitoa 3, mpya inatoa 2, kwa kuwa inafuata kanuni ya kukadiria nusu kwenda namba shufwa iliyo karibu. Mwanafunzi hucheka. Mkokotoaji wa ushuru hawezi kucheka: faranga moja ikizidi au kupungua katika kila tamko, hesabu za mwisho wa mwezi hazitakubaliana, na wa kwanza kushukiwa atakuwa karani wa dirishani.

Sababu kubwa ya kuivunja Python ya zamani haikuwa hesabu, ilikuwa maandishi. Lugha ile ilizaliwa wakati kompyuta nyingi zilidhani herufi zote ni za Kiingereza. Kiswahili hakikuumia sana, kwa kuwa hakina herufi zenye alama; ndiyo maana msanifu wa Dar es Salaam anaweza kufanya kazi maisha yake yote asilione tatizo. Lakini Rusizi I si Dar es Salaam. Ng'ambo ya mto majina ya Kifaransa ni ya kila siku. Chukua msafiri aitwaye Cécile au Noël. Mfumo ulioandikwa ovyo katika lugha ya zamani huweza kuivunja herufi moja yenye alama kuwa alama mbili zisizosomeka, na jina hilohilo likifika kwenye mfumo wa jirani halifanani na lililo kwenye kitambulisho. Kompyuta haina busara ya afisa anayetazama uso na karatasi na kusema "pita, mama". Kwake hao ni watu wawili.

Wanaoitunza Python walitangaza kwanza kwamba toleo la 2 lingeisha mwaka 2015. Walipoona dunia haijawa tayari wakaongeza miaka mitano, hadi Januari 1, 2020. Miaka kumi na moja kutoka toleo la 3 kutolewa hadi la 2 kufungwa! Katika muda huo waandishi wa vifurushi walilazimika kuandika msimbo unaofanya kazi pande zote mbili, na mmoja wa vifurushi vya kuwasaidia ukaitwa six, yaani sita, kwa sababu mbili mara tatu ni sita. Ni utani mzuri wa mafundi. Hata hivyo zipo ofisi, katika nchi tajiri na maskini, zilizofika siku ile ya mwisho zikiwa hazijaanza.

PHP nayo ina visa vyake. Njia ya zamani ya kuzungumza na hifadhi ya data ya MySQL, iliyofundishwa katika karibu kila kozi ya jioni ya miaka ya 2000, ilianza kutolewa onyo mwaka 2013, ikaondolewa kabisa toleo la 7 lilipotoka Desemba 2015. Mfumo uliotegemea njia hiyo unakufa siku seva inapohamishwa. Toleo la 8, la Novemba 2020, lilifanya jambo la chini chini zaidi: lilibadilisha maana ya kulinganisha. Awali, kisanduku kilichoachwa tupu kilihesabiwa kuwa sawa na sifuri. Sasa si sawa. Fikiria fomu ya mfanyabiashara mdogo. Utaratibu wa Jumuiya unaruhusu cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000. Programu inayopima thamani hiyo lazima ijue la kufanya mtu asipojaza kisanduku. Kama mwandishi wake alitegemea tabia ya zamani bila kujua, basi siku ya kupandisha toleo, fomu iliyokuwa ikirudishwa huenda ikapita, au iliyokuwa ikipita ikarudishwa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaoonekana.

Hoja ya wanaokataa kugusa mifumo inastahili kusikilizwa, kwa sababu si ya kijinga. Wanasema: mfumo unafanya kazi, foleni inasonga, kila tulipougusa uliharibika wiki nzima. Wanasema pia kwamba bajeti ni ndogo na mafundi wachache, na kwamba matoleo mapya nayo huja na kasoro mpya. Yote ni kweli. Hakuna mwenye akili anayeweka kwenye mpaka toleo lililotoka wiki iliyopita. PHP 8.2 ilitoka Desemba 2022, na mahali pake pa kwanza hapakupaswa kuwa dirisha la forodha.

Lakini kutogusa si sawa na kutobadilika. Dunia inayozunguka mfumo hubadilika hata mfumo ukikaa palepale, na jirani yetu wa kaskazini alitoa ushahidi. Februari 1, 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikaachana na saa za Nairobi na kufuata zile za Kigali na Bukavu. Orodha ya saa za dunia inayotumiwa na kompyuta zote ilirekebishwa mwishoni mwa Januari, siku chache tu kabla. Mfumo uliokuwa ukipokea masasisho ulijua. Mfumo uliogandishwa miaka kadhaa nyuma uliendelea kuamini kwamba Juba na Nairobi zina saa moja, kila hati ikiwa na kosa la dakika sitini. Hakuna fundi aliyeugusa. Serikali ya nchi moja ilibadilisha saa, na programu isiyoguswa ikawa na makosa.

Ushahidi wa pili ulikuja mwishoni mwa mwaka 2021. Desemba 2021 ilitangazwa kasoro katika Log4j, kifurushi cha Java cha kuweka kumbukumbu kinachotumika katika mifumo isiyohesabika. Mtu wa mbali aliweza kutuma mstari mmoja wa maandishi na kuifanya seva imtii. Dawa ilitolewa haraka, lakini ilihitaji Java 8 au zaidi. Waliobaki kwenye Java 7 walisubiri siku nyingine kadhaa, na wa Java 6 zaidi ya hao, wakati wavamizi hawakusubiri hata saa moja. Na dawa hizo za nyuma ziliandikwa kwa hisani ya watu wa kujitolea. Hakukuwa na mkataba wowote uliowalazimisha.

Hapo ndipo gharama ya kuchelewa inapojulikana. Anayepanda ngazi moja kila mwaka hupata maumivu madogo kila mwaka. Aliyekaa miaka minane hulazimika kuruka ngazi zote usiku mmoja, tena siku ya dharura, na vifurushi vyake vingine havina tena mwenyewe wa kuuliza. Java ni mfano wa wazi: tangu toleo la 11 la Septemba 2018, njia ya kuwasha programu moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari iliondolewa, pamoja na sehemu kadhaa zilizokuwa zikija na lugha yenyewe. Ofisi iliyojenga kila kitu juu ya njia hiyo haikuweza kuhama bila kuandika upya. Ndiyo maana hadi leo katika ofisi nyingi duniani utakuta kompyuta moja ya zamani iliyokatazwa kusasishwa, na karatasi juu yake: usiguse.

Mto Rusizi wenyewe unatoa funzo la utunzaji, maana una vituo viwili vya umeme vinavyohusu nchi zaidi ya moja: Rusizi I, cha mwishoni mwa miaka ya 1950, na Rusizi II, cha mwaka 1989, kinachomilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo chini ya mpango wa CEPGL. Hakuna waziri wa nchi yoyote kati ya hizo anayeweza kusema kwamba turbini iliyofungwa haihitaji tena fundi. Kuna mabishano makali kuhusu nani alipe, na si siri kwamba malipo huchelewa, lakini kwamba turbini huchakaa hakuna anayebisha, kwa sababu hulia na kutikisika. Programu haina kutu. Inaonekana mpya siku ya mwisho kama ilivyoonekana siku ya uzinduzi, na pengine hiyo ndiyo sababu serikali zetu hupenda kuizindua na hazipendi kuitunza.

Mikataba ndiyo mahali pa kuanzia. Mfumo hununuliwa kwa fedha za mradi, mara nyingi za wafadhili. Mradi wa kurahisisha biashara katika Maziwa Makuu, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015 kwa Kongo, Rwanda na Uganda, umeweka fedha nyingi mipakani, na ni jambo jema. Ila mradi wowote una tarehe ya kufungwa. Mkandarasi hukabidhi, picha hupigwa, mafunzo ya wiki mbili hufanyika, na miaka mitatu baadaye lugha iliyotumika inafikia mwisho wake wakati hakuna aliyebaki mwenye jukumu. Mkataba wa programu ya mpakani usio na kifungu cha kupandisha matoleo kwa muda wote wa matumizi haupaswi kusainiwa. Kifungu hicho kitaje lugha, toleo, tarehe ya mwisho ya toleo hilo, na nani atalipa kazi ya kuhama kabla ya tarehe hiyo. Serikali ipewe pia msimbo wote pamoja na majaribio yake, maana bila majaribio fundi mpya ni kama daktari asiye na kipimo: anagusa na kuomba.

Majaribio hayo si anasa. Ni programu ndogo zinazouliza ile kubwa maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Mzigo wa dola 1,999 upite kwa cheti rahisi, wa 2,001 usipite, kisanduku kitupu kikataliwe, Noël abaki Noël, hati ya Juba iwe na saa ya Juba. Maswali mia tano ya aina hiyo hujibiwa kwa dakika chache. Yakiwepo, kupanda toleo ni kazi ya wiki. Yasipokuwepo ni kamari. Na maofisa wa Rusizi I, pamoja na mawakala na vyama vya wafanyabiashara wadogo, ndio wanaojua maswali yapi yaulizwe. Hao huachwa nje, kisha hulaumiwa.

Kuna mahali ambapo ukanda huu tayari unajua kuifanya kazi hii. Nchi zote saba zilizokuwa wanachama wa Jumuiya mwaka 2022 hutumia DHIS2 kukusanya takwimu za afya. Kiini chake kimeandikwa kwa Java na kusimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na utaratibu wake ni mkali: matoleo matatu ya mwisho ndiyo yanayohudumiwa, aliye nyuma zaidi ya hapo ajue yuko peke yake. Kwa hiyo wizara za afya zimelazimika kujifunza kupanda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimelea wataalamu wa mfumo huo kwa miaka mingi, na Uganda na Rwanda zina vikundi vyao. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotumika kwanza Eldoret na kisha Rwinkwavu mwaka 2006, nao umepita njia hiyo. Kizazi chake cha pili kilipohitaji Java 8, waandishi wa Kenya, Uganda na Rwanda walikuwa miongoni mwa waliolazimika kurekebisha sehemu walizokuwa wameongeza wenyewe. Uzoefu huo uko hapa, kwa lugha zetu, kwa mishahara ya hapa. Ni ajabu kwamba forodha na uhamiaji hawaketi meza moja na afya kuuliza walifanyaje.

Jumuiya ina nafasi yake katika hili. Tangu mwaka 2014 nchi wanachama zimekuwa zikitekeleza Himaya Moja ya Forodha, ambayo maana yake ya vitendo ni kwamba tamko lililofanywa Kigali lazima lieleweke Mombasa au Dar es Salaam. Mfumo mmoja ukiachwa nyuma, wengine hulazimika kuacha mlango wa zamani wazi ili wazungumze nao, na mlango huo ndio mwizi hupitia. Udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote. Sekretarieti ya Arusha inapaswa kuwa na rejesta moja ya mifumo ya mipakani: imejengwa kwa lugha gani, toleo gani, mwisho wake lini, nani anawajibika. Si lazima rejesta hiyo ichapishwe, kwa kuwa mwizi naye husoma magazeti. Itoshe kuwa mbele ya wakaguzi na ya baraza la mawaziri, kila mwaka, pamoja na bajeti.

Wapo watakaosema kuna mambo makubwa zaidi kati ya Kigali na Kinshasa. Yapo, na kila mmoja anayajua. Lakini mama mwenye beseni la nyanya amevuka miaka yote, wakati wa maelewano na wakati wa maneno makali, na mifumo inayojengwa sasa kwa ajili ya uanachama wa Kongo ndiyo atakayovuka nayo miaka kumi ijayo. Sasa ndipo inapoamuliwa lugha, toleo na mkataba. Ikiamuliwa vibaya itagundulika miaka michache baadaye, mawaziri wengine wakiwa ofisini.

Upungufu wa watu ni kweli, ingawa si kama zamani. Rwanda ilifungua chuo cha vijana wenye vipaji vya programu huko Nyabihu mwaka 2019, na wanafunzi wake wa kwanza tayari wamemaliza. Bukavu ina vyuo vikuu vyake na vijana wengi wanaojifundisha wenyewe. Kinachowakwaza ni aina ya kazi wanayopewa heshima nayo. Mashindano yote, zawadi zote na hotuba zote ni za kubuni kitu kipya. Kijana aliyechukua mfumo wa miaka kumi, akausoma msimbo wa mtu asiyemjua, akauandikia majaribio na kuuhamisha kutoka PHP 5 hadi 8 bila dirisha hata moja kufungwa, hapewi kombe. Vyuo vya pande mbili za mto vingeweza kuanza na somo moja tu la utunzaji, kwa mifumo halisi ya halmashauri na hospitali za Rusizi na Bukavu. Lugha ya kufundishia ipo tayari, ni hiyo wanayouziana nayo sambaza.

Kalenda ya mwaka 2023 ilikuwa imeshawekwa. Python 3.7 ilifikia mwisho wake Juni 2023. PHP 8.0, ambayo ofisi nyingi zilizokimbia toleo la 7.4 zingeweza kushawishika kusimama hapo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, ilifikia mwisho Novemba 26, 2023. Aliyehamia huko Desemba 2022 alikuwa na chini ya miezi kumi na miwili kabla ya kuhama tena.